Mfuko wa Barua wa Kwihara: Habari, Amana na Mitambo Yetu

Mhadhara uliotolewa Kitete, Tabora



Masheikh zangu, wazee wa Kitete, mama zangu na dada zangu, walimu wa madrasa, na nyinyi vijana ambao simu mmezifunga sauti tu, kuzizima hamkuzizima: niliombwa nizungumzie teknolojia ya habari na maadili yake kwa mtazamo wa Kiislamu. Mtu akiisikia mada kama hiyo hujiandaa kupewa orodha, hiki halali, kile haramu, kingine makuruhu, kisha arudi nyumbani akiwa na uhakika kwamba jirani yake yumo katika haramu. Orodha hiyo sikuja nayo. Nimekuja na hoja moja, na nitaizungukia mpaka adhana itukute. Habari ni amana, na kila mkono unaoipitisha utaulizwa, hata mkono huo ukijificha nyuma ya mtambo.

Kwa kuwa tuko Tabora, mifano ya kuanzia haina haja ya kuagizwa Marekani. Mji huu ulikuwa kituo cha habari kabla reli haijafika. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ikifika hapa Unyanyembe iligawanyika: moja ikaendelea magharibi hadi Ujiji, nyingine ikapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Zilipita pembe za ndovu, shanga, nguo za merikani. Walipita watu waliofungwa minyororo. Na zilipita barua.

Hapo Kwihara, kwenye lile tembe ambalo leo ni makumbusho, mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alifikia mwaka 1871. Alikuta mfuko wa barua za mmisionari Dkt. Livingstone, uliofungwa Unguja tarehe 1 Novemba 1870. Mfuko huo ulikuwa na safari ya aibu. Waliokabidhiwa walikaa nao Bagamoyo siku zipatazo mia moja, na kwa maelezo ya Stanley hawakuondoka mpaka waliposikia kwamba Balozi wa Uingereza anakuja. Ulipofika huku ukakwama tena, maana vita na Mtemi Mirambo viliifunga njia ya magharibi. Stanley aliubeba yeye mwenyewe hadi Ujiji, na ulipofunguliwa ulikuwa na umri wa mwaka mzima tangu kutoka Unguja. Barua zilikuwa salama. Hakuna aliyezisoma, hakuna aliyezichana. Ila hakuna aliyezijali pia, na kuchelewesha haki ya mtu ni aina mojawapo ya kuila.

Upande wa pili wa njia kulikuwa na jambo zito zaidi. Livingstone aliporudi Ujiji kutoka Manyema mwezi Oktoba 1871, amechoka, anaumwa, alikuta bidhaa alizoletewa kutoka Unguja zimeuzwa zote. Aliyekabidhiwa ni mtu anayemtaja kwa jina la Sherifu. Kwa mujibu wa shajara ya Livingstone, Sherifu alidai amepata habari kutoka Manyema kwamba mzungu amekufa, akamwandikia liwali wa hapa Unyanyembe hivyo hivyo, na kwa kutia muhuri akasema ameupigia Msahafu ramli na Msahafu umethibitisha kifo. Kisha akabadilisha mali kwa pembe na watumwa.

Ndugu zangu, tukio hili lina kila kitu tunachokilalamikia leo mitandaoni. Lina habari ya uzushi iliyotengenezwa na mwenye maslahi nayo. Lina barua rasmi kwa mtawala, ili uzushi uvae kanzu ya uhakika. Lina dini iliyoitwa shahidi bila idhini yake. Na mwisho wake mali ya mtu imeliwa. Hapakuwa na umeme wala nyaya.

Ila shajara hiyo hiyo ina Mwislamu mwingine, na sipendi tumpite. Siku chache baadaye alikuja Said bin Majid, mfanyabiashara Mwarabu wa Ujiji, akangoja wawe peke yao, akamwambia mgeni kwamba bidhaa hana ila pembe anazo. Akaomba ruhusa aziuze ampe thamani yake. Tazameni adabu: amengoja faragha ili asimfedheheshe mhitaji mbele za watu. Njia moja, mji mmoja, dini moja, na watu wawili. Kwa hiyo anayeniambia kwamba simu imewaharibu vijana namwomba anieleze ni simu gani iliyomharibu Sherifu.

Sasa twende mwaka 1908. Vita vya Majimaji vilikuwa vimezimwa juzi tu, na Wajerumani bado wanalala jicho moja wazi. Mwezi Julai ikaonekana huko Lindi barua inayosemekana imetoka Makka. Inawaita Waislamu watubu, inatangaza Kiyama kimekaribia, inawataka wajitenge na makafiri. Ikanakiliwa, ikapita msikiti hadi msikiti, kwa masheikh na watu wa twarika, kutoka pwani kwenda bara. Serikali ya kikoloni ikashtuka, ikafanya uchunguzi, na uchunguzi ukaelekezwa Unguja kwa mzee mmoja ambaye njia yetu hii ilimjua vizuri: Muhammad bin Khalfan al-Barwani, maarufu kwa jina la Rumaliza, aliyekuwa na nguvu kubwa Ujiji kabla ya Wabelgiji kumshinda.

Tuwe waadilifu: watu wale walikuwa wametoka kuonja mauaji na njaa, na barua iliyosema dunia hii ya dhuluma inakwisha ilikuwa na utamu wake. Namwelewa aliyeipokea. Ninachokitazama ni namna ilivyotembea. Barua ile ni ya ukoo wa wasia wa Sheikh Ahmad, mhudumu wa msikiti wa Mtume Madina, anayedaiwa kumwona Mtume, rehema na amani zimshukie, usingizini. Mnaufahamu. Atakayeusambaza atapata riziki, atakayeupuuza atafikwa na msiba. Wazee wameuona ukiandikwa kwa mkono, ukaja wa taipu, ukaja wa fotokopi, na wiki hii kuna mtu humu ndani ameupokea WhatsApp. Mwanachuoni Rashid Ridha aliukanusha katika jarida lake la Al-Manar zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Sheikh Abdul-Aziz bin Baz wa Saudia akaandika risala nzima kuubatilisha. Na bado Sheikh Ahmad anaota. Mhudumu huyu hastaafu.

Kwa nini hauzimiki? Kwa sababu unamwondolea msambazaji swali la ukweli na kumpa swali la hofu. Haumuulizi kama una uhakika. Unamuuliza utafanyaje ikiwa ni kweli. Ndivyo ulivyo ujumbe wa dawa ya kitunguu inayoponya saratani, na wa mtoto aliyepotea ambaye sasa ni baba wa watoto watatu, na picha yake ya shule ya msingi bado inazunguka.

Elimu yetu ilishalijua tatizo hili na ikalijengea dawa kabla ya Ulaya kuwa na magazeti. Wanavyuoni wa hadithi waliposikia neno hawakuanza na uzuri wake. Waliuliza limepita kwa nani. Kila mpokezi akapimwa kwa mambo mawili: uadilifu wake, na usahihi wa kuhifadhi kwake. Mtu aliweza kuwa mcha Mungu, anasali usiku kucha, na hadithi yake ikakataliwa kwa sababu kichwa chake kinachanganya. Hili tulisikie vizuri, sisi ambao tukimpenda mtu kwa swala yake tunasambaza kila anachotuma. Na aliyeficha jina la aliyemsimulia, akaruka kiungo dhaifu ili mlolongo uonekane safi, alipewa jina lake katika vitabu na kosa lake likaandikwa milele. Leo sisi tunaandika chini ya ujumbe, "Kama nilivyoipokea," tukidhani tumevua jukumu. Kwa wanavyuoni wale maneno hayo ni mwanzo wa maswali: umeipokea kwa nani?

Suratul Hujurat, aya ya 6, inaamrisha kuhakiki habari ya fasiki kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Na Suratun-Nur ilishuka baada ya Mama yetu Aisha kuzushiwa, mji wa Madina ukiwa umekaa karibu mwezi mzima na uvumi mdomoni. Aya zile haziwakemei waliouanzisha peke yao. Zinawakemea na waliouokota kwa ndimi zao na kuona ni jambo jepesi. Kampuni ya WhatsApp ilipoona watu wameuawa India kwa sababu ya uvumi, ilipunguza mwaka 2019 idadi ya makundi ambayo ujumbe unaweza kusambaziwa kwa mara moja hadi matano. Wao waliweka breki kwenye chombo. Breki iliyo moyoni sisi tulipewa karne kumi na nne zilizopita, na tumeiachia kutu.

Lakini msinielewe kwamba maulamaa walikuwa maadui wa mitambo. Unguja iliunganishwa na Aden kwa waya wa telegrafu chini ya bahari mwaka 1879, na swali likazuka katika miji ya Waislamu: mwezi ukionekana kule, habari ikaja kwa waya, tufunge? Jamaluddin al-Qasimi wa Damascus aliandika kitabu kizima mwaka 1911 kutetea kuifanyia kazi habari ya waya. Waliopinga nao walikuwa na hoja: anayepiga waya simwoni, simjui, shahidi nitamwitaje? Sisi tunaoanza Ramadhani katika nyumba moja kwa siku mbili tofauti, baba na redio ya taifa, kijana na taarifa ya Makka, tusiwacheke. Walichokuwa wakibishania ni kama mtambo unaweza kubeba ushahidi wa mtu bila kuupunguza. Swali hilo ni la leo kabisa. Sauti ya sheikh unayemjua inaweza kutengenezwa na akili mnemba, ikatoa fatwa ambayo yeye hakuitoa. Na kijana anayeuliza mtambo huo masuala ya mirathi anajibiwa kwa Kiswahili fasaha na mpokezi asiye na mwalimu, asiye na sanad, yaani mlolongo wa wapokezi, asiyeogopa Akhera. Autumie kutafuta mlango wa kitabu. Fungu la mjane aende kuliuliza kwa mwenye elimu.

Niingie sasa kwenye jambo linalowauma watu zaidi: deni.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani haihusu swala wala jihadi. Ni ya 282 ya Suratul Baqara, na inahusu kuandika deni. Mwandishi aandike kwa uadilifu, mashahidi wawepo, wasidhuriwe. Na ndani yake kuna sharti ambalo nataka mlishike: anayesema maneno ya kuandikwa ni yule anayedaiwa. Dhaifu ndiye anayetamka, mwandishi anafuata. Akiwa hawezi, msimamizi wake atamke kwa niaba yake kwa haki. Maana yake mkataba wa deni lazima uwe umepita kwenye ulimi wa mdaiwa, aujue neno kwa neno.

Mji huu ulijengwa na madeni. Msafara haukuondoka Bagamoyo kwa fedha taslimu. Bidhaa zilichukuliwa kwa mkopo kwa matajiri wa Unguja, na pembe ndiyo malipo. Tippu Tip, ambaye baba yake alikaa hapa na kuoa kwa Mtemi Fundikira, alibebwa na mtaji wa tajiri Taria Topan. Hati ziliandikwa, mashahidi walikuwepo. Na hapa Mwislamu mkweli lazima ainamishe kichwa. Ndani ya daftari hizo, zilizoandikwa kwa khati nzuri na kuanzwa kwa Bismillahi, walikuwemo binadamu kama bidhaa. Kumbukumbu ilikuwa sahihi, hesabu ilikuwa kamili, na dhuluma ilikuwa kubwa. Nalisema hili kwa makusudi, kwa sababu siku hizi tukionyeshwa mfumo mpya wa kompyuta swali letu huwa ni kama unafanya kazi. Daftari la mfanyabiashara wa watumwa lilifanya kazi barabara.

Tulinganishe aya ile na mikopo ya simu ambayo mtaani imepewa jina la kausha damu. Mama muuza vitumbua ana shida ya ada ya mtoto. Anapakua programu, inamletea kurasa za masharti kwa Kiingereza, chini kuna kitufe: nakubali. Hakutamka kitu. Hakuna shahidi. Katika yale aliyoyakubali kuna ruhusa ya kusoma orodha nzima ya namba zilizo kwenye simu yake. Anapewa pesa pungufu ya aliyoomba, makato yamekwisha kuchukuliwa mbele, na anadaiwa nyongeza baada ya siku chache. Akichelewa, mkwewe anapokea ujumbe, imamu anapokea, mwajiri anapokea: fulani ni tapeli, mwambieni alipe. Riba ni dhambi moja hapo, na wengi wetu tunaishia kuitaja hiyo. Iko ya kuvunja sitara ya Mwislamu. Iko ya kuwadhuru watu wasiokuwemo kwenye mkataba, maana namba ile ni ya mkwe, na mkwe hakubonyeza kitu. Na iko ya kuikaidi aya ya 280, iliyotangulia hiyo ya kuandika kwa hatua mbili tu, inayoagiza mdaiwa aliyebanwa angojwe mpaka apate wasaa.

Benki Kuu ya Tanzania ilipochapisha Novemba 2024 majina ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni, nilifurahi. Nikajiuliza kisha: misikiti yetu ilikuwa wapi? Mama yule alikwenda kwenye simu kwa sababu milango mingine yote ilikuwa imefungwa. Tunao mfuko wa msikiti, tunalo sanduku la kila Ijumaa. Qardhi hasana, mkopo usio na riba, inahubiriwa, na mtu akiiomba anaambiwa kamati haijakaa.

Sasa faragha. Mtu mmoja alichungulia tunduni katika nyumba ya Mtume, naye Mtume alikuwa na kichanuo cha kuchania kichwa mkononi. Akamwambia kwamba lau angejua anachunguliwa angemchoma nacho jichoni, na akaeleza kuwa hodi imewekwa kwa ajili ya jicho. Imo katika Bukhari na Muslim. Na kinasimuliwa kisa cha Sayyidna Umar, Amirul Muuminina, aliyepanda ukuta wa nyumba usiku akamkuta mtu katika maasi. Yule mtu akasema: mimi nimekosa moja, wewe tatu, umepeleleza, na Mungu amekataza, umeingia kwa ukuta, na tumeamrishwa milango, umeingia bila hodi wala salamu. Umar akamwacha. Mtawala aliyekuwa na haki ya kuzuia maovu alikiri kwamba ushahidi alioupata kwa kupanda ukuta haumfai.

Nani leo anapanda ukuta? Novemba 2020 waandishi wa habari wa Marekani walifichua kwamba Muslim Pro, programu ya nyakati za swala na kibla iliyopakuliwa karibu mara milioni mia moja duniani, ilikuwa ikipeleka taarifa za mahali walipo watumiaji wake kwa kampuni iitwayo X-Mode, na taarifa za kampuni hiyo zilikuwa zikifika kwa wakandarasi wa jeshi la Marekani. Wenye programu walitangaza kusitisha uhusiano huo. Fikirieni: mtu anauliza kibla kiko wapi, na swali lake linauzwa liwe jibu la yeye yuko wapi.

Hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao muda wake ulikwisha Januari 2020, kidole gumba chako ni saini yako. Yule kijana wa chini ya mwavuli anakwambia mtandao umekataa, weka tena kidole. Wengi wao ni vijana safi wanaohangaikia riziki. Wachache wametumia kidole cha pili kusajili laini ya pili, na laini hiyo ndiyo inayotuma ule ujumbe wa "ile hela tuma kwa namba hii". Bibi aliyeweka gumba kwa nia njema anakuwa mwenye laini ya wizi. Pigeni *106# mwone kilichosajiliwa kwa kitambulisho chenu, na namba za matapeli zipelekeni 15040. Hili nalo ni amri ya mema na katazo la maovu, tena halihitaji kipaza sauti.

Kitete, kwa Mtanzania wa magharibi, ni jina la hospitali kabla ya kuwa jina la mtaa. Na mji huu una Chuo cha Uhazili, ambacho leo ni kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma; makatibu muhtasi na watunza kumbukumbu wa nchi hii wengi wamefundishwa hapa. Nina imani kubwa na kazi hiyo. Mtunza masijala wa zamani alijua kwamba faili lina ufunguo, lina kitabu cha kutolea, na aliyelichukua ameandika jina. Sasa faili la mgonjwa limo kwenye kompyuta, na tatizo si kompyuta; mifumo hiyo huandika nani amefungua nini na saa ngapi vizuri kuliko kitabu chochote. Tatizo ni pale watu watano wa ofisi yoyote wanapotumia neno la siri la mmoja, limebandikwa kwa karatasi kwenye kioo. Aliyelibandika ameacha mlango wa nyumba ya watu wazi. Majibu ya vipimo vya binti wa watu yakifika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, hatutajua ametoa nani, ila Mola wake anajua, na walioyapokea wakayapeleka mbele anawajua pia. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ina Tume yake. Mwislamu aliyeisoma Hujurat, aya ya 12, inayokataza kupelelezana, asingoje Tume.

Niwageukie vijana wanaotengeneza mifumo, maana najua wamo. Imam Ghazali katika kitabu chake cha Ihya anahesabu tiba na hesabu kuwa fardhi kifaya, yaani faradhi ya jumuiya, na analalamika kwamba miji mingi ya Waislamu haina tabibu Mwislamu, huku wanafunzi wakijazana kwenye elimu ya mabishano. Kama angefika Tabora leo angeongeza kompyuta kwenye orodha, na lalamiko asingelibadilisha. Kijana anayejifunza kuandika programu kwa nia ya kuwaondolea watu dhiki yumo katika ibada, na mzazi asimwambie anapoteza wakati.

Lakini fundi ana hukumu zake. Fiqhi inatofautisha mkono wa amana na mkono wa dhamana. Uliyewekewa kitu kikaharibika bila uzembe wako, hulipi. Fundi je, mshonaji aliyepokea vitambaa vya wateja mia moja, vikiungua? Imepokewa kwamba Sayyidna Ali aliwalipisha mafundi, akiona watu hawatasalimika bila hivyo. Madhehebu yetu ya Shafi, kwa kauli yenye nguvu, hayamlipishi fundi asiyezembea. Ila ar-Rabi', mwanafunzi wake, anasimulia kwamba Imam Shafi mwenyewe alikuwa na rai hiyo ya kutomlipisha na hakupenda kuidhihirisha, kwa kuogopa mafundi waovu wataitumia. Sijui kisa cha busara ya kifakihi kinachonigusa kuliko hicho. Alijua hukumu, na alimjua fundi.

Mimi si mufti, lakini rai yangu ni hii. Aliyekusanya majina, vidole na madeni ya watu milioni kadhaa kwa faida yake si sawa na jirani aliyewekewa mtungi. Taarifa zikivuja, yeye ndiye athibitishe kwamba hakuzembea. Mteja asibebeshwe kuthibitisha asichoweza kukiona. Ni kama mizani. Suratul Mutaffifin inawaonya wanaopunja, na muuzaji wa zamani angalau mizani yake ilikuwa mbele ya macho yako. Bando la intaneti linapimwa na muuzaji, kwa mizani iliyo kwake, na habari ya kwisha unaletewa na yeye. Sisemi anapunja. Nasema aliyeandika programu ya mizani hiyo anatajwa katika sura ile sawa na aliyeshika kibaba, akiwa mwaminifu kwa thawabu, akiwa mpunjaji kwa ole.

Muda unanibana, na kuna jambo ambalo wazee wa kamati waliniomba nilitolee neno, nalo ni picha za misaada.

Kila Ramadhani tunaziona. Kikongwe amekalishwa kwenye kiti cha plastiki, amepewa kilo tano za unga, mafuta na tende, wafadhili sita wamesimama nyuma yake wametabasamu, yeye hajui aangalie wapi. Picha inakwenda Facebook, inakaa huko. Wajukuu wake wataikuta wakiwa wakubwa. Baqara inasema sadaka ikidhihirishwa ni vema, na ikifichwa wakapewa mafakiri ni bora zaidi. Na kabla ya hapo imekataza kuibatilisha sadaka kwa masimbulizi na maudhi. Simbulizi la zamani lilikuwa la mdomo, likisahaulika na aliyelisema. Hili la sasa halisahauliki, na linaweza kutafutwa kwa jina.

Nitajibiwa kwamba mfadhili aliyeko Muscat au London anataka ushahidi. Ana haki. Pesa ni amana na hesabu lazima itolewe. Wizi wa misaada upo, tusijifanye hatuujui. Basi lipigeni picha gari la mahindi likishushwa. Pigeni picha risiti, magunia, kisima kikitoka maji. Majina ya waliopokea yaandikwe kwenye daftari, watie dole gumba, lifungiwe kabatini, na mkaguzi akija alisome akiwa ameketi ofisini. Nyuso za mayatima ziacheni. Na yule kijana wa kamati mwenye simu ya kamera nzuri, ambaye namwona pale anatupiga sisi sote bila kutuuliza, nitamwomba baada ya swala aje tuzungumze.